MREJESHO: Mama wa miaka 47 niliyeuliza naanzia wapi kujitunza

Wapendwa, nimerudi. Niliwauliza mtu mwenye kazi, watoto wa sekondari na mama mkwe mgonjwa ndani anaanzia wapi, wakati hata usingizi haupati.

Asanteni mlionisukuma nikapime kwanza. Presha ilisoma 148 kwa 94, damu nayo kidogo. Daktari akaniambia jasho la usiku na hedhi ya kurukaruka ni dalili za kuelekea kukoma hedhi, jambo ambalo wengi hulifikia kati ya miaka 45 na 55. Na mimi kila mara nasingizia malaria, jamani!

Wale wa gym saa kumi na moja alfajiri mnisamehe, imenishinda. Kilichokaa ni kushuka daladala kabla ya kituo changu na kutembea haraka nusu saa, siku tano; ndizo zile dakika 150 kwa wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Maharage yakichemka, nakaa na kuinuka kwenye stuli bila kushika kitu. Mapaja yanawaka!

Viungo vya pakiti vyenye chumvi nimeviondoa jikoni. Baba watoto alinuna, sasa anakula. Dawa za usiku za mama mkwe, siku hizi kijana wangu ndiye anayempa, na hapo ndipo nilipopata pumzi hasa, kuliko kwenye mazoezi.

Presha imeshuka, 132 kwa 84. Usingizi bado wa mang'amung'amu. Aliyewahi kutumia dawa za homoni kwa dalili hizi za kukoma hedhi aniambie ilikuwaje, kliniki narudi mwezi ujao.