Tupeane uzoefu: mliohamia programu mpya ya kurekodi, vyombo vinavyokuja nayo vinawafaa?

Fundi wa Kona
Wakuu, habari za jioni. Narekodi kwaya na wasanii wa mtaani kwa programu ya zamani kweli, na sasa nataka kuhama. Matangazo yote yanasema vyombo vimo humohumo: piano, besi, ngoma, hadi orkestra. Mliokwisha hama, vinaubeba muziki wetu, au ni mapambo ya tangazo? Nataka simulizi, si viungo vya kwenda kununua.

Spidi Mia Tatu
Mimi ni mtu wa singeli, FL Studio tangu naanza. Ukishainunua, matoleo yanayofuata unapewa bure maisha yako yote, kwa hiyo kwangu kuhama ni kupakua tu. Kilichonibadilishia kazi ni FLEX, chombo chake cha ndani. Saundi zimeshapikwa, unachagua na kupiga, na laptopu yangu haihemi. Zamani nilikuwa na folda la plagini (programu ndogo za kuongezea) za kuokoteza, nusu yake zinagoma.

Ila singeli haitaki chombo cha kifahari. Biti ikishapita 200 kwa dakika, piano ya gharama na ya bure zinasikika sawa, muhimu mlio uwe mfupi na mkali. Kama unataka kuijaribu kwanza, lijue hili: toleo la majaribio linahifadhi projekti lakini halikufungulii tena mpaka ulipie. Maliza wimbo siku hiyohiyo na uutoe.

Sauti Nne
Narekodi kwaya, Logic Pro kwenye Mac. Mpiga ngoma wa ndani yuko tangu 2013, na toleo la 11 la 2024 likaongeza mpiga besi na mpiga kinanda. Unawapa kodi (chords) za wimbo, wanapiga. Kwa nyimbo za kuabudu za taratibu, besi yake naiacha kama ilivyo na hakuna mwanakwaya aliyewahi kuniuliza nani kapiga.

Shida inaanza watu wakitaka kucheza. Sebene huyo mpiga ngoma halijui kabisa. Ninachofanya nageuza kipande chake kuwa MIDI, yaani noti ninazoweza kuzihariri, nafuta teke (kick) na snea, naandika zangu, nabakiza hai-hati (matoazi) kwa sababu mkono wake una uhai. Na jiandae na diski: maktaba yote ya saundi inafika GB 72. Usiipakue yote kwa bando, utalia. Chukua unachohitaji, au ihamishie diski ya nje, programu yenyewe inaruhusu.

Gitaa Kavu
Niko Nairobi, napiga rhumba. Besi na kinanda vya ndani havina neno. Gitaa la solo, wapi! Kile kidole kinachoteleza kwenye uzi, ile noti inayozimwa nusu, huwezi kuibonyeza kwenye kibodi. Hela ya plagini ya gitaa afadhali umlipe mpiga gitaa aje na waya wake.

Akija, shusha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukusikilizisha. Kwenye 44.1 kHz, sampuli 512 ni kama milisekunde 12 kabla mashine haijaongeza zake, naye atakwambia gitaa linamkimbia. Kwa sampuli 128 ni kama 3. Ukimaliza kurekodi unapandisha tena, maana vyombo vya ndani vinakula prosesa.

Kanuni na Fidla
Asalaam aleikum. Sisi wa taarab tuna letu. Vyombo vyote hivyo vinakuja vimetiwa sauti za piano ya Kizungu, na ukitaka Bayati au Rast, makamu zetu za Kiarabu, unaambulia kitu kama wimbo wa harusi ya hotelini. Bayati ikianzia Re, ile Mi yataka kushushwa nusu ya nusu, yaani senti 50 hivi. Programu ya Cubase ina kifaa cha MIDI kiitwacho Micro Tuner, unashusha noti moja moja kwenye mstari (track) unaoutaka. Logic nayo ina sehemu hiyo kwenye mipangilio ya projekti, ila inagusa vyombo vyote vya ndani kwa pamoja. Fidla za ndani ukizishusha hivyo zinakaa vizuri nyuma ya mwimbaji. Za mbele apige mtu.

Fundi wa Kona
Shukrani sana. Na zile projekti zangu za zamani? Nina plagini za biti 32 (za mfumo wa zamani wa kompyuta) zimejaa humo.

Sauti Nne
Programu kubwa nyingi zimeshaacha biti 32, kwa hiyo usifute ya zamani. Ifungue, toa kila mstari kama WAV kuanzia mwanzo wa wimbo, andika tempo kwenye jina la folda. Halafu usihame ukiwa na albamu ya mtu mkononi.

Gitaa Kavu
Na utoe WAV mbili za gitaa: yenye ekoo na kavu. Mpiga gitaa ataidai kavu.