Breki za busta injini ikizimika: tupeane uzoefu

Spana14
Wakuu, naomba tukusanye hapa tunayoyajua kuhusu breki pale injini inapozimika gari likiwa kwenye mwendo. Naanza na la msingi, maana hapa ndipo wengi wanapotea: breki haikatiki. Kinachoondoka ni msaada wa busta. Pedeli bado inaisukuma master silinda (pampu kuu ya breki) na mafuta ya breki bado yanafika kwenye magurudumu, ila nguvu yote sasa inatoka mguuni.

Busta ni lile duara kubwa la bati nyuma ya master silinda. Ndani lina mpira unaoligawa vyumba viwili. Injini ya petroli inanyonya hewa ya vyumba vyote viwili kupitia hozi inayotoka kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Ukikanyaga, hewa ya nje inafunguliwa kuingia chumba cha upande wa dereva na kuusukuma mpira mbele. Busta ya kipenyo cha sentimita 25, kwa tofauti ya shinikizo la hewa ya baa 0.7, inatoa msukumo wa kama niutoni 3,400, karibu sawa na uzito wa kilo 350. Msukumo huo ukikosekana, pedeli inakuwa kama jiwe.

Kwenye hozi hiyo kuna valvu ya njia moja. Injini ikizima, valvu inazuia hewa isirudi, kwa hiyo busta isiyo na hitilafu inabaki na akiba ya kukanyaga mara 2 au 3. Kila ukiachia pedeli, hewa iliyoingia nyuma inahamia mbele na akiba inapungua. Kwa hiyo kanyaga mara moja, kwa nguvu, ushikilie mpaka gari lisimame. Kupampu ndiko kunakoimaliza.

GerejiMakini
Naongeza namba. Kanuni ya Umoja wa Mataifa 13-H, inayohusu magari madogo, inataka gari lisilo na msaada wa busta bado lisimame kutoka kilomita 100 kwa saa ndani ya mita 168, kwa nguvu ya mguu isiyozidi niutoni 500. Breki ikiwa kamili, kikomo ni mita 70. Niutoni 500 ni kama kusukuma kilo 50 kwa mguu mmoja, na hapo ndipo kiti kinapohusika. Kama unaifikia pedeli kwa kunyoosha mguu wote, nguvu hiyo huipati. Sogeza kiti mpaka goti libaki limekunjika kidogo hata pedeli ikiwa chini kabisa.

KlachiNaGia
Kwa gari la manyuali, injini ikikata moto usikimbilie klachi. Ukiliacha kwenye gia, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini, na injini inayozunguka inanyonya hewa hata kama haichomi mafuta. Busta inaendelea kupata, na pampu ya steringi ya mkanda inaendelea kuzunguka. Klachi iwe ya mwisho, gari likikaribia kusimama.

Otomatiki haina nafasi hiyo, kwa sababu mwendo ukishuka giaboksi haiwezi tena kuizungusha injini. Weka N (gia huru), jaribu kuwasha gari likiwa bado linatembea, mguu ukiwa tayari. Usiguse P (ya kuegesha). Na usichomoe ufunguo, steringi itajifunga.

Wanaozima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta, tafadhali acheni. Injini za sindano za kielektroniki hukata mafuta zenyewe ukiachia eksileta ukiwa kwenye gia. Huokoi chochote, na umejinyima busta na breki ya injini kwa pamoja.

DizeliTu
Injini ya dizeli kwa kawaida haina mvuto wa kutosha kwenye manifoldi, kwa hiyo ina pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa ya busta), mara nyingi mgongoni mwa alteneta (jenereta ya kuchaji betri) au mwisho wa kemshafti (shafti inayofungua valvu za injini). Ile ya kwenye alteneta inategemea mkanda. Mkanda ukikatika, taa ya betri inawaka na baada ya kukanyaga mara chache pedeli inakuwa ngumu, injini ikiwa bado inaunguruma vizuri. Ukiona taa hiyo kwenye gari la aina hii, simama mapema ukiwa bado na akiba.

Mgeni_wa_Spana
Wakuu, na gari la kuwasha kwa kitufe likigoma asubuhi, pedeli ikiwa ngumu?

GerejiMakini
Mkuu, akiba imeisha usiku, pedeli haishuki vya kutosha kuiwasha swichi ya taa za breki, na gari halijui kwamba umekanyaga. Kanyaga kwa nguvu zaidi ndipo ubonyeze kitufe. Ikijirudia kila siku, pima busta:

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara 5 au 6 mpaka pedeli iwe ngumu. Bakiza mguu, washa. Pedeli izame kidogo. Isipozama, usikimbilie kununua busta. Angalia hozi kwanza, kisha ichomoe valvu uipulize. Hewa ipite kuelekea injini, isipite kurudi kwenye busta.

Kupima kama inashikilia, acha injini iungurume dakika 1 au 2, zima, kanyaga taratibu. Mara ya kwanza pedeli iende chini zaidi, ya 2 na ya 3 ipande. Au kanyaga injini ikiwa inaunguruma, zima ukiwa umeshikilia, subiri sekunde 30: pedeli isikusukume juu.

Pedeli inayozama polepole mpaka sakafuni ni habari nyingine, hiyo ni master silinda. Na kama mafuta ya breki yanapungua bila tone chini, maliza akiba kwa kupampu, legeza nati za master silinda, ivute mbele kidogo uangalie nyuma yake. Sili ya nyuma ikivuja, mafuta yanaingia ndani ya busta na kuula mpira.

MagurudumuKumi
Malori yenye breki za upepo yako kinyume. Upepo ukishuka karibu PSI 60 (kipimo cha shinikizo) king'ora kinalia, na kati ya 45 na 20 springi zinafunga breki zenyewe. Kwa hiyo usingoje: tafuta pa kusimama king'ora kikianza.

Haibridi_Swafi
Toyota Prius, gari la haibridi lenye injini na mota ya umeme, hutumia pampu ya umeme kwenye breki, kwa hiyo injini kuzima ni kawaida yake. Lakini taa za breki zikiwaka kwenye dashibodi, usiendelee.

Spana14
Kuvuta gari lililokufa: ufunguo uwe ON ili steringi isijifunge, tumia bomba badala ya kamba, na hendibreki ijaribiwe kabla ya kuondoka. Wakati wa kuitumia, bana kitufe chake muda wote na uvute taratibu, magurudumu ya nyuma yasijifunge. Anayekaa kwenye gari linalovutwa awe na mguu wenye nguvu, na akanyage mapema kuliko alivyozoea.