Majarida ya modeli yamebadilika sana: ya zamani au ya sasa, yapi yatawafaa zaidi wanafunzi?

Mwalimu wa Njoro (Moshi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninasimamia kikundi cha wanafunzi wa sekondari wanaounda modeli za ndege, magari na meli baada ya vipindi. Familia moja iliyokuwa ikihama mjini imetuachia masanduku ya majarida ya fani hii: matoleo ya Airfix Magazine ya miaka ya 1960 na 1970, FineScale Modeler ya miaka yake ya mwanzo, pamoja na majarida kadhaa ya miaka ya karibuni yaliyochapwa kwa rangi kuanzia jalada hadi jalada.

Nilipoyapanga kwa mfuatano wa miaka, nilishangaa kuona jinsi yasivyofanana. Toleo la katikati ya miaka ya 1960 lina maandishi madogo yaliyosongamana, picha za nyeusi na nyeupe na michoro ya mistari, nalo linamweleza msomaji jinsi ya kukata bawa la ndege moja, kulirefusha na kulijaza, ili apate ndege ya aina nyingine kabisa. Toleo la sasa lina picha kubwa karibu kila ukurasa, na maneno yake mengi ni maelezo mafupi chini ya picha, yanayotaja chupa ya rangi kwa jina la kampuni na namba yake. Fedha tuliyo nayo ya kujalidi haitoshi kwa yote. Naomba mnieleze ni nini kilichosababisha mabadiliko haya, na kwa watoto wasio na duka la modeli karibu, ninyi mngeanza kujalidi yapi?

Fundi Mstaafu, Sakina (Arusha)

Salamu, Mwalimu. Nilifanya kazi ya ufundi wa ndege hadi nilipostaafu, na majarida haya nimeyasoma tangu ujana wangu, kwa hiyo uniruhusu nijibu kwa urefu.

Kwa maoni yangu chanzo kikubwa ni uhaba wa bidhaa na jinsi ulivyokwisha. Airfix Magazine ilianza Juni 1960, wakati modeli za plastiki zilikuwa bado changa. Kampuni yenyewe ya Airfix, mtengenezaji wa modeli wa Uingereza, ilitoa meli ya Golden Hind na ndege yake ya kwanza ya kivita ya Spitfire katika miaka ya 1950, zikiuzwa kwa shilingi mbili za Kiingereza katika maduka ya Woolworths. Aina za ndege zilizopatikana zilikuwa chache, na mtu aliyetaka aina ambayo hakuna kampuni iliyoitengeneza alilazimika kuizalisha kutokana na ile aliyo nayo. Ndiyo sababu waandishi wa wakati ule walitoa vipimo, michoro ya ndege kwa kipimo cha 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) na maelezo ya kila mkato. Walimfundisha msomaji kuyeyusha kipande cha fremu ya plastiki inayoshikilia vipande vya modeli juu ya mshumaa na kukivuta kiwe uzi mwembamba wa antena, au kukata mlango kutoka katika bapa la plastiki nyeupe.

Baadaye soko likajaa. Katika miaka ya 1980 na 1990 yalizuka makampuni madogo yaliyouza vipande vya kuongezea: viti vya marubani vya rezini, na dashibodi za bati jembamba la shaba lililochongwa kwa asidi. Kampuni ya Eduard ya Ucheki, iliyojulikana sana kwa kazi hiyo ya asidi, ilianzishwa mwaka 1989. Msomaji hakuhitaji tena kufundishwa kutengeneza kiti cha rubani. Alihitaji kuambiwa kiti hicho kinauzwa na nani na kinaingia vipi mahali pake. Modeli zenyewe nazo zikawa bora, vipande vikashikana bila kusuguliwa sana, na kazi kubwa iliyobaki mezani ikawa ni rangi. Majarida yakafuata mahali kazi ilipokwenda.

Wanafunzi wako, Mwalimu, wako karibu zaidi na msomaji wa 1965 kuliko msomaji wa leo wa Ulaya, kwa kuwa na wao wana modeli chache na mikono mingi. Kwa hiyo mimi ningeanza na ya zamani, bila kusita. Karibu kila kinachotajwa humo kina mbadala wake hapa kwetu. Bapa la plastiki la waandishi wale ni polistirini, nayo inapatikana katika vikombe na makasha mengi yanayotupwa: tafuteni yale yenye namba 6 ndani ya alama ya pembetatu. Gundi ya modeli huyeyusha polistirini na kuiunganisha kabisa, lakini haishiki plastiki yenye namba 5 wala 2, na mwanafunzi asiyejua hilo atadhani gundi ni mbovu.

Dada Mchapaji (Arusha)

Shikamoo, mzee wangu, na habari za kazi, Mwalimu. Mimi niko katika kazi ya uchapaji, na ningependa kuongeza upande ambao wasomaji wengi hawauoni.

Wingi wa maandishi katika majarida ya zamani haukutokana na kupenda maandishi tu. Ukurasa wa rangi huhitaji bamba nne za kuchapia, yaani ya samawati, ya waridi iliyokolea, ya njano na nyeusi, na kabla ya kompyuta kutenganisha rangi hizo ilikuwa kazi ya mafundi maalumu, tena ya gharama kubwa. Kwa hiyo rangi iliwekwa kwenye jalada na kurasa chache, na kwingine kote likatumika bamba moja. Mwandishi naye alipiga picha kwa filamu ya picha 36, ainunue, aisafishe, na asijue kama picha imetoka vizuri mpaka siku nyingine. Kwa hali hiyo angepiga picha ya hatua gani ndogo, na aache ipi? Alipiga chache, na yale ambayo picha haikuonyesha aliyaeleza kwa maneno. Ilipofika kamera ya dijitali, kila tone la rangi likaweza kupigwa picha bila gharama ya ziada, na aya nzima ikageuka kuwa picha na mstari mmoja chini yake.

Nionavyo, kuna kitu kilichopotea hapo. Picha inaonyesha kilichofanyika, lakini mara nyingi ni maandishi yanayoeleza kwa nini kimefanyika hivyo, na nini kingeharibika kama kingefanyika vingine.

Reli ya Tanga (Moshi)

Kwa ufupi tu: hata upande wa treni hali ni hiyo hiyo. Model Railroader ya Marekani imekuwapo tangu Januari 1934, na Model Engineer ya Uingereza tangu 1898. Wasomaji wa mwanzo wa lile la pili walitarajiwa kuwa na mashine ya kukerezea chuma nyumbani. Ukiyapata matoleo ya zamani ya yoyote kati ya haya mawili, Mwalimu, usiyaachie.

Kijana wa Deraya, Ngaramtoni (Arusha)

Shikamooni, wakubwa. Kwa heshima yote ninaomba kutofautiana nanyi, kwa sababu mimi huunda vifaru na malori, na katika fani hiyo majarida mapya yamefundisha jambo ambalo ya zamani yalikuwa bado hayajalifikia.

Katika matoleo mengi ya miaka ya 1960 niliyoyaona, gari la kivita limepakwa rangi moja, safi, na hapo kazi imekwisha. Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Sheperd Paine alitengeneza mandhari ndogo zilizoelezwa katika vipeperushi vilivyotiwa ndani ya maboksi ya kampuni ya Monogram, na watu wakaona kwamba modeli inaweza kusimulia tukio. Katika miaka ya 1980 akavuma Mbelgiji François Verlinden. Kisha wakaja Wahispania, akiwamo Mig Jiménez, na mwaka 2012 likatoka The Weathering Magazine, jarida linaloshughulikia uchakavu peke yake: toleo la kwanza lilihusu kutu na la pili vumbi. Toleo zima juu ya vumbi! Sisi tunaoishi huku, tunaoona kila siku malori yakirudi mjini yakiwa yamebadilika rangi kuanzia magurudumu hadi milangoni, tuna la kujifunza na hata la kuwafundisha wengine katika somo hilo.

Ni kweli kwamba jarida la namna hiyo limetoka mikononi mwa watu wanaouza rangi, na msomaji anapaswa kulijua hilo. Lakini Airfix Magazine nayo ilibeba jina la muuza modeli kwenye jalada lake. Pia tusisahau kwamba Eduard hutoa kila mwezi jarida lake la Info Eduard bure kwenye intaneti, lenye makala ndefu za historia ya ndege. Mwanafunzi wa Moshi mwenye simu analisoma siku ile ile na msomaji wa Prague, jambo ambalo mzee wetu hakulipata ujanani.

Fundi Mstaafu, Sakina (Arusha)

Marahaba, kijana wangu. Hoja yako kuhusu vumbi na kutu ninaikubali kabisa, na ninakubali pia kwamba picha ya nyeusi na nyeupe haiwezi kumfundisha mtu rangi. Kuhusu biashara nina neno moja tu: Airfix Magazine ilibeba jina la kampuni, lakini kurasa zake zilieleza pia modeli za Revell na Frog, waliokuwa washindani wake. Ningependa kuuona moyo huo katika kila jarida linalochapwa na muuza rangi.

Jambo jingine ni intaneti. Zamani habari ya modeli mpya ilisubiri jarida, na jarida lilisubiri mtambo wa uchapaji na posta. Tovuti kama HyperScale zilipoanza kutoa tathmini mara tu boksi linapofunguliwa, jarida halikuweza tena kushindana kwa habari, likabaki na kile ambacho tovuti haikukipa nafasi wakati ule: makala kamili ya kazi iliyomalizika, yenye picha bora. Airfix Model World, iliyoanza mwaka 2010, ilizaliwa ndani ya hali hiyo, na sura yake inaonyesha hivyo.

Mwalimu wa Njoro (Moshi)

Ninawashukuru wote. Nimeamua kujalidi kwanza yale yenye michoro, yaani ya 1960 na 1970, na yale ya rangi nitayaweka katika makasha yaliyopangwa kwa somo: kutu, vumbi, rangi za ndege, mandhari. Wanafunzi wanataka kuanza na ndege ya abiria ya DC-3, kwa kuwa wazee wao wanaikumbuka kutoka enzi za East African Airways, lakini boksi tulilo nalo ni moja tu. Je, tunaweza kukuza mchoro wa 1/72 kwenye mashine ya steshenari ili kikundi cha pili kiunde yake kwa kadibodi, kwa kipimo cha 1/48?

Fundi Mstaafu, Sakina (Arusha)

Mnaweza, Mwalimu. Ongezeni hadi asilimia 150, kwa kuwa 72 kugawanya kwa 48 ni moja na nusu. Kisha pimeni kwa rula kabla ya kukata chochote, maana mashine nyingine huvuta karatasi upande mmoja. Mabawa ya DC-3 yana upana wa mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Kwa 1/72 yawe takriban sentimita 40, na kwa 1/48 takriban sentimita 60. Mchoro ukizidi karatasi, nakilini bawa moja moja.

Dada Mchapaji (Arusha)

Fanyeni nakala hizo kabla ya kujalidi, Mwalimu, kwa sababu kitabu kilichojalidiwa hakilali bapa juu ya kioo na mstari wa katikati utapinda. Yale yenye pini katikati yafunguliwe, pini zitolewe zisije zikashika kutu, na yashonwe kwa uzi. Yale yenye mgongo wa gundi msiyafungue sana, kurasa zitachomoka. Na yale ya karatasi inayong'aa yasiwekwe karibu na ukuta wakati wa masika: yakilowa, kurasa hushikana na hazibanduki bila kuchanika.