Ulinganisho: mhitimu wa uhandisi baiolojia Zanzibar, ashike vifaa tiba, mwani au kompyuta?

Makangale: Assalaam alaykum wanajukwaa. Mwaka wa mwisho huu, na nafasi ya mafunzo ya vitendo ni moja tu. Njia ni tatu: karakana ya hospitali, maabara ya mwani, au kuchakata ishara za mwili kwa kompyuta. Majina ya kozi nnayo. Ninachotaka kujua ni mtu anatarajiwa aweze kufanya nini kwa mikono yake.

FundiMkoani: Waalaykum salaam. Hospitali, basi anza na umeme. Mashine za msaada kutoka Marekani huja za volti 110 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Soketi zetu ni 230 na 50. Mhitimu hutafuta transfoma akadhani kamaliza. Transfoma hushusha volti, hezi haizigusi. Kampresa, yaani pampu ya kubana hewa, ya mota ya kawaida itazunguka pungufu kwa karibu sudusi moja na kupata joto. Kwenye mashine ya kuchuja oksijeni, hewa hupungua na usafi hushuka. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka.

Mashine hiyo ya oksijeni ikiletwa mbovu, iache iwake dakika 20 ndipo upime. Nzima hutoa oksijeni ya takriban asilimia 93. Ikiwa chini ya 82, iondoe wodini. Kisha fuata mpangilio: filta, mipira inayovuja, shinikizo la kampresa, na mwisho kabisa zeolaiti, zile chembe zinazonasa naitrojeni ya hewa. Wengi huanza na zeolaiti, na ndiyo ghali! Kweli huharibika kwa unyevu, lakini filta iliyoziba huonyesha dalili zile zile.

Shengejuu: Sheikh, umesahau ethi, njia ya kupeleka umeme ardhini. Ukinzani kutoka pini ya ethi ya plagi hadi ganda la chuma la mashine, pamoja na waya wake, usizidi omu 0.2. Kwa hewa yetu ya chumvi pini hushika kutu na namba hupanda. Isugue kwanza, usikimbilie kutupa waya. Na umeme unaovuja hauhukumiwi kwa multimeta ya dukani. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vya umeme, IEC 60601-1, kinaruhusu mikroampea 10 tu kwa sehemu inayogusa moyo moja kwa moja, mashine ikiwa haina hitilafu. Hapo inatakiwa analaiza ya usalama wa umeme, kifaa maalumu cha kupima uvujaji huo.

BiKotonii: Mnamsukuma kijana hospitalini kama vile mwani hauna uhandisi. Karajinani ni utomvu wa mwani unaogandisha vyakula. Mwani wa kotonii una karajinani ya kapa, wa spinosamu una ya iota. Kapa huganda kwa potasiamu na kuwa ngumu. Iota hushikana na kalsiamu, jeli yake laini. Asiyejua tofauti hiyo atachanganya magunia.

Kusafisha kotonii kwa kiwango cha kati: gramu 80 za potasiamu haidroksaidi (ndiyo magadi yetu hapa), ongeza maji hadi ifike lita moja. Magadi ndiyo yanayotiwa majini kidogo kidogo, si maji juu ya magadi, maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Weka nyuzi 75 kwa saa mbili, suuza mpaka utelezi wa magadi uishe, kausha, saga. Joto likizidi sana, karajinani huyeyukia kwenye maji na mavuno yamekwenda. Likiwa dogo, salfeti iliyomo kwenye karajinani haiondoki na jeli hutoka dhaifu. Usibadilishe ukatumia sodiamu kwa kuwa ni rahisi. Bila potasiamu mwani wenyewe utayeyuka.

Makangale: Shukrani Bi. Na kompyuta?

Shengejuu: Itakufuata popote. Ukijua kuchukua ishara ya moyo sampuli 500 kwa sekunde na kuondoa mvumo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani, umeshaanza. Ila usichuje kabla ya kukagua elektrodi, vile vibandiko vya mwilini: jeli yake iliyokauka huingiza mvumo huo, na filta kali hubadilisha umbo la wimbi analolisoma daktari.

BiKotonii: Hapo nakubali. Hata kidhibiti joto cha beseni langu kinataka mtu wa programu.

FundiMkoani: Makangale, kabla hujasaini, kaulize karakana kama ina kipimo cha oksijeni na analaiza ya usalama. Zikiwapo, nenda hospitali. Kama hazipo utakuwa unabadilisha fyuzi tu, bora mwani.