Mjadala: Je, kifurushi cha Debian kiendelee kuwa na mwenyewe mmoja?

Mtoa mada (Iringa)

Ndugu wadau, naomba tulijadili jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka siku programu inapogoma, kisha tukalisahau. Debian ni mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, na hadi leo unatengenezwa na watu wanaojitolea. Ubuntu, ambayo wengi wetu tunaitumia maofisini na katika maabara za shule, imejengwa juu yake. Toleo la 13, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, lina vifurushi zaidi ya 69,000. Kwa ndugu zangu wa Tanzania ambao neno hilo huwaletea fikra za bando la simu, kifurushi hapa ni programu moja iliyokwisha kufungwa pamoja na maelezo yake yote, tayari kusakinishwa. Kila kifurushi kina jina la mtunzaji wake, ambaye kwa desturi ndiye mwenye kauli ya mwisho juu yake.

Desturi hiyo, kwa maoni yangu, imepitwa na wakati. Ninapendekeza kwamba kila kifurushi kiwe na watunzaji wasiopungua wawili, na kile kitakachokosa wa pili kisiingie katika toleo imara linalofuata, yaani lile linalotolewa kwa matumizi ya kila siku.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka juzi nilikuwa nikisimamia kompyuta kumi na moja za maktaba ndogo. Programu ya kuchapisha lebo za vitabu ilianza kumeza herufi ya mwisho ya kila mstari, ikawa "Historia" inatoka "Histori" na "Hisabati" inatoka "Hisabat". Nilipofungua orodha ya hitilafu za kifurushi hicho nilikuta taarifa imekwisha kutolewa miezi kumi na minne nyuma, na chini yake kiraka, yaani rekebisho dogo la msimbo, cha mistari mitatu kilichotumwa na msomaji ambaye hata hakuitumia programu hiyo kazini, alikuwa tu amekerwa. Watu wanne walikuwa wameandika kwamba kiraka kinafanya kazi. Mtunzaji, ambaye sitamtaja, hakuwa amejibu hata neno moja, na kazi yake ya mwisho katika kifurushi hicho ilikuwa na umri wa miaka minne. Nikajenga programu upya kwa mkono katika kompyuta zote kumi na moja, na mfumo ulipopandishwa toleo, ile yenye hitilafu ikarudi ikaifuta yangu.

Hilo ni dogo, lebo hazikumuua mtu. Kubwa ni lile la mwaka 2006, pale kifurushi cha OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za kulinda mawasiliano ya kompyuta, kilipofanyiwa katika Debian badiliko lililofuta msimbo ambao chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiulalamikia. Kumbe msimbo huo ndio uliokuwa ukichanganya vyanzo vya nambari za nasibu, zile zisizotabirika ambazo funguo hutengenezwa kwazo. Tangu hapo hadi Mei 2008, kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ambayo kompyuta huipa kila programu inapoanza kufanya kazi, ambayo haizidi 32,768. Yaani mtu mwenye kompyuta ya kawaida aliweza kuzitengeneza funguo zote zinazowezekana na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Jicho la pili lenye wajibu, si jicho la mpita njia, pengine lingeuliza swali moja tu la maana.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu mtoa mada, pole kwa lebo. Lakini mfano wako wa OpenSSL unakugeuka. Badiliko lile halikufanywa gizani. Kabla ya kulifanya, mhusika aliuliza kwa maandishi mahali ambapo watengenezaji wa OpenSSL wenyewe walikuwa wakisoma, na majibu aliyopata hayakumzuia. Macho yalikuwepo, tena ya wajuzi. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyehisi kwamba msimbo ule ni wake na kwamba lawama zitamwangukia yeye.

Ndiyo maana nasema desturi ya mwenyewe mmoja ina hekima ndani yake. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na katika vifurushi mrama huo una sura yake maalumu. Utakuta jina la mtunzaji ni la timu, timu ina majina tisa, na kila mmoja wa tisa anaamini kuna wanane wengine wanaoangalia. Kanuni za Debian zenyewe zinalijua hilo, kwani kifurushi kinachotunzwa na timu lazima kitaje pia binadamu angalau mmoja kwa jina.

Nitaongeza jambo ambalo nashangaa hukuligusa, nalo ni mkasa wa xz, programu ya kubana data inayotumiwa na programu nyingine nyingi. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1 umefichwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta ya mtu. Aligundua kwa sababu kuingia katika seva kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde, naye hakukubali kuipuuza nusu sekunde hiyo. Sasa, mlango ule uliwekwa na nani? Na mtunzaji wa pili! Mtengenezaji wa asili, yaani mwandishi wa programu yenyewe na si mtunzaji wa kifurushi chake katika Debian, alikuwa peke yake na amechoka, majina yasiyojulikana yakawa yanamsakama aongeze mtu, na mtu aliyekuwa tayari kusaidia, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amekwisha kujipendekeza kwa kazi nzuri ya zaidi ya miaka miwili. Pendekezo lako likipita, kila mtunzaji mpweke atakuwa chini ya shinikizo lilelile, safari hii kwa nguvu ya kanuni. Aidha akubali mgeni, aidha kifurushi chake kifutwe.

Mchangiaji wa Kisumu

Ninasimamia seva za hospitali, sina muda mrefu. Naomba kusema tu kwamba kuondoa vifurushi ni adhabu inayomwangukia asiye na kosa. Mtunzaji aliyetoweka hatajua kwamba kifurushi chake kimeondolewa. Mimi ndiye nitakayejua, saa nane za usiku. Tena tayari upo utaratibu wa kuviondoa katika tawi la majaribio, mahali toleo lijalo linapoandaliwa, vifurushi vyenye hitilafu nzito ambazo hazirekebishwi, pamoja na vile vinavyovitegemea. Huo unatosha, na mara nyingine unazidi.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Nimejenga vifurushi viwili vitatu kupitia mdhamini, yaani msanidi wa Debian anayenipakilia kazi yangu, kwa hiyo naomba nirekebishe dhana inayojitokeza pande zote mbili, kana kwamba mtunzaji ana kufuli. Hana. Kila msanidi kamili wa Debian anaweza, kwa uwezo wa mitambo, kupakia toleo jipya la kifurushi chochote katika hazina, yaani ghala kuu la vifurushi. Kinachomzuia ni adabu, na adabu hiyo imeandikwa. Asiye mtunzaji akitaka kurekebisha hitilafu, anatoa taarifa, anaonyesha badiliko lake lote, kisha anakiweka kifurushi katika foleni ya kusubiri kwa siku kadhaa ili mwenyewe akiona hakifai akiondoe.

Kwa lugha ya kwetu, ni kupiga hodi. Mgeni anabisha hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwa mila yetu asipojibiwa anaondoka. Debian imechagua kwamba baada ya hodi ya tatu unaweza kuingia, mradi umesema kwa sauti unachokwenda kufanya ndani. Kwa kifurushi kilichotelekezwa kabisa upo utaratibu ulioanza mwaka 2018 wa kukinusuru. Unafungua taarifa ya kusudio, unasubiri siku 21, na kama mwenyewe hajapinga unapakia toleo lako katika foleni ya kuchelewesha kwa siku 7 nyingine, ukiwa sasa wewe ndiye mtunzaji. Na anayejijua ameshindwa anaweza kukitangaza kifurushi chake kuwa yatima, ndilo neno wanalotumia, au kuomba msaidizi bila kukiachia.

Kuhusu kulazimisha watunzaji wawili, Katiba ya Debian inakufungia njia, ndugu mtoa mada. Sehemu yake ya pili inasema kwamba hakuna kitu katika katiba hiyo kinachomlazimu mtu yeyote kuufanyia mradi kazi. Asiyetaka kazi aliyopewa hatalazimika kuifanya, ila asizuie maamuzi yaliyofikiwa kihalali. Hata Kamati ya Ufundi inapotaka kutengua uamuzi wa msanidi juu ya kifurushi chake inahitaji kura tatu kwa moja. Huwezi kumwandikia mjitoleaji zamu.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: wewe ulipiga hodi mara ngapi kwa ile programu ya lebo?

Mtoa mada (Iringa)

Hata mara moja. Nakiri. Niliona taarifa ipo, nikaona wanne wamekwisha kuandika, nikajiambia mtu mwingine atashughulika. Ndugu wa Mombasa atacheka, kwa kuwa nimefanya kilekile alichokisema kuhusu timu ya majina tisa.

Kuhusu xz, hata hivyo, siwezi kukubali yote. Mkasa ule ulitokea kwa mtengenezaji wa asili, nje ya Debian. Ndani ya Debian mtu hapewi haki ya kupakia mpaka ufunguo wake wa kidijitali uwe umetiwa sahihi na wasanidi waliomo, kwa kawaida baada ya kukutana naye ana kwa ana na kuona kitambulisho chake.

Mchangiaji wa Mombasa

Na bado vifurushi vyenye sumu vilipita hadi tawi la majaribio la Debian. Toleo imara pekee ndilo lililosalimika. Kitambulisho kinakuambia mtu ni nani, hakikuambii amebeba nini. Sumu ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio yaliyobanwa, na sehemu iliyoiamsha ilikuwa katika furushi la kupakua bila kuonekana katika hazina ya msimbo. Wawekee hapo watunzaji sita, hakuna ambaye angeyafungua mafaili yale.

Mchangiaji wa Kampala

Sharti hilo la kukutana ana kwa ana linatugusa sisi kuliko mnavyodhani. Mtu wa Berlin au Paris anapata sahihi mbili jioni moja. Kwa mtu wa Mbarara ni safari, pengine ya kupanda ndege. Mkutano wa kila mwaka wa Debian umewahi kufika Cape Town, mwaka 2016, lakini Cape Town kwa nauli si jirani. Kama mnatafuta watunzaji wa pili, basi tafuteni kwanza namna ya kuwafikia wanaotaka. Ipo daraja ya kati iliyoanzishwa kwa kura ya wanachama mwaka 2007, ambapo mtu anaruhusiwa kupakia vifurushi vilivyotajwa tu. Nayo bado inataka sahihi.

Mchangiaji wa Nairobi

Tunazunguka. Kazi isiyolipwa hufanywa na mwenye nafasi. Walipeni watunzaji wa vifurushi vinavyobeba wengine, mambo yataisha.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Ilijaribiwa. Mwaka 2006 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wasimamizi wawili wa matoleo ili toleo la 4.0 litoke Desemba. Mzozo uliozuka uliwavunja moyo baadhi ya waliokuwa wakifanya kazi kubwa bila malipo, wakapunguza mwendo, na toleo likatoka tarehe 8 Aprili 2007. Fedha zimefanya kazi mahali pengine, tena vizuri. Tangu 2014 makampuni yamekuwa yakichangia kulipia marekebisho ya usalama ya matoleo yaliyozeeka, kazi ambayo karibu hakuna anayeipenda. Nadhani tofauti ni kwamba hapo hakuna aliyenyang'anywa heshima ya kazi aliyokuwa akiifanya kwa mapenzi yake.

Mtoa mada (Iringa)

Nimewasikia, nami nabadili pendekezo. Naondoa sharti la watunzaji wawili na naondoa adhabu ya kufuta. Ninachobaki nacho ni hiki: pale ambapo kiraka kimekwisha kuwekwa hadharani, kimejaribiwa na zaidi ya mtu mmoja, na mtunzaji hajasema lolote kwa mwaka mzima, ile 21 na 7 ifupishwe iwe wiki moja tu. Ukimya wa mwaka ni jibu.

Mchangiaji wa Mombasa

21 na 7 ni 28, na sheria ya kazi ya Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Mtunzaji aliyelazwa, aliyefiwa, au aliyekwenda Hija akarudi, ana haki ya kukuta jina lake bado liko mlangoni. Mwaka mzima wa ukimya unaousema ulikuwa ni ukimya wa taarifa ambayo pengine hakuiona; siku 28 ndizo za kwanza ambapo mtu amemwambia waziwazi kwamba anakuja kuingia. Mimi sizipunguzi.

Mtoa mada (Iringa)

Basi tubaki tukitofautiana kwa hizo wiki tatu. Nimeangalia sasa hivi. Kiraka cha mistari mitatu bado kipo, na wanne wamekuwa sita. Ndugu wa Dar es Salaam, kama bado una yule mdhamini wako, naandika taarifa ya kusudio usiku huu na nitakuomba uipitie kabla sijaituma, kwa kuwa sijawahi kuiandika.