Wauza friji za waini na "ofa" za chupa hapa Unguja, hasara yenu mnatubebesha sisi mpaka lini?

Wakuu, imetosha. Maduka ya hapa Unguja yanatuuzia friji za waini ambazo hazikutengenezwa kwa joto letu, yanatuuzia chupa zilizoivia juani kwa jina la ofa, na ukirudi kulalamika unaoneshwa mstari mmoja chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nasimamia baa ya mkahawa wa ufukweni Paje. Waini ndiyo kazi yangu ya kila siku, na nimechoka kumwomba radhi mgeni kwa uozo niliouziwa na mtu mwingine.

Wale mtakaokuja kusema pombe si jambo la kujadiliwa Zanzibar, nawaheshimu kwa dhati na uzi huu hauwahusu. Hoteli na mikahawa yenye leseni inauza, wageni wananunua, kodi inalipwa. Ninachodai hapa ni haki ya mnunuzi.

Nianze na friji. Niliinunua mjini, duka silitaji kwa sasa. Ya chupa 18, mlango wa kioo, taa ya bluu ndani, vitufe vya kugusa, na juu yake bango kubwa: laki saba na nusu badala ya laki tisa. Nilimuuliza muuzaji swali moja tu: itafika nyuzi 12 kwenye joto letu hili? Akanijibu, "Dada, hii inashuka mpaka nyuzi 8, utaitafutia sweta." Mbele ya mashahidi.

Nikaiweka kwenye kona ya stoo, haipigwi na jua, na nyuma nimeachia nafasi ya kupumua kama kitabu chake kinavyotaka. Kaskazi ilipokolea, stoo ikawa nyuzi 31, 32 mchana. Namba ya mlangoni inasoma 12, imetulia kabisa. Nikachukua glasi ya maji, nikatumbukiza kipimajoto, nikaifungia ndani usiku kucha mpaka mchana wa pili. 19. Nikabadilisha kipimajoto, nikaazima cha jikoni wanachopimia nyama. 19 tena. Maana yake namba ya mlangoni haikuambii joto lililomo ndani, inakurudishia kile ulichoiagiza tu. Waini nyekundu naweza kuvumilia. Waini nyeupe ya nyuzi 19 unampelekea nani mezani, na mchana ule wa Paje?

Nikaigeuza. Nyuma kuna kibandiko cha kiwandani, na nusu yake wale wa dukani wamekiziba kwa stika ya bei. Nikaibandua kwa kucha, taratibu ili nisichane maandishi. Chini yake kuna herufi mbili: SN. Wakuu, karirini hili kabla hamjatoa hata shilingi. Kila friji ina daraja la hali ya hewa iliyotengenezewa. SN ni chumba cha nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Kisiwa chetu kinahitaji T, au ST kwa uchache. Mimi nimeuziwa friji ya watu wanaowasha moto sebuleni wakati wa baridi, na herufi zenyewe zimefunikwa kwa bei.

Tena si hilo tu. Friji ile haina kompresa wala gesi. Ina kile kibamba ambacho ukipitisha umeme upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto, jambo aliloligundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834, halafu feni inapuliza ule moto utoke nje. Kwenye nchi za baridi ni kitu kizuri, hakitikisiki na hakina kelele. Lakini kibamba hicho kinashusha joto kwa kulinganisha na chumba kilimo. Hata kikiwa kizima kabisa, ni nyuzi kumi na kitu chini ya joto la chumba, basi. Chumba kikiwa 32 huipati 12 hata ukiomba dua, na kwa vile haifikii namba uliyoiweka, haipumziki. Inakula umeme usiku na mchana. Mwenye mita ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, anajua hiyo ina maana gani mwisho wa wiki. Hapo sijagusa chumvi ya pwani inavyoitafuna ile feni ndogo ya nyuma.

Nikarudi dukani na picha za kipimajoto. Unajua niliambiwa nini? "Dada yangu, weka AC kwenye chumba, friji itafanya kazi vizuri." Ninunue kiyoyozi cha kuipoza friji! Nikaomba wanibadilishie nichukue ya kompresa na niongeze hela. Hapana, kwa sababu nimeshaifungua boksi. Sasa ningeijaribuje ikiwa ndani ya boksi?

Twende kwenye ofa, maana huku ndiko watu wengi wanakoumia bila kujua. Tangu uhaba wa Januari 2024, vinywaji vilipoadimika kisiwani baada ya kubadilishwa kwa waagizaji wenye vibali, bei zikapaa karibu maradufu, na aliyekuwa Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu mwezi huohuo, watu wa hoteli na mikahawa tumebaki na woga. Tukiona chupa tatu kwa bei ya mbili tunabeba katoni. Wauzaji wanaujua woga huo, na ndio wanaoutumia.

Chupa za ofa zinatoka wapi? Angalieni wenyewe. Mzigo unashushwa Malindi, unapakiwa kwenye kanta, turubai linafungwa juu, safari ya Nungwi inaanza saa sita mchana. Chini ya turubai ni tanuri. Ukifika unaingia stoo ya bati. Ukitoka stoo unapangwa dirishani, chupa zimesimama wima, jua la alasiri linapiga kioo moja kwa moja. Rozi, ile waini ya rangi ya waridi, ndiyo inaonewa zaidi kwa sababu chupa yake ni nyeupe, haina rangi ya kuikinga na mwanga. Baada ya miezi, mwenye duka anaona rangi imeanza kugeuka, anaandika OFA.

Waini inataka nyuzi 12 hadi 14, isiyumbeyumbe, gizani. Ikipita 25 kwa muda mrefu inaanza kuharibika, na ikipita 30 inaharibika kwa haraka. Kimiminika kinatanuka, kinasukuma kizibo juu, kinavujia pembeni. Usiku joto likishuka, kinasinyaa na kuvuta hewa ndani. Fanya hivyo mwezi mzima, chupa imekwisha hata kama haijafunguliwa.

Katoni niliyouziwa safari ya mwisho, nilishika chupa moja nikajaribu kuzungusha ile kofia ya shingoni kwa vidole. Haizunguki. Imeganda, maana waini imevuja chini yake ikakauka kama gundi. Nikaikata kwa kisu: kizibo kimeinuka juu ya mdomo wa chupa, na ubavuni kina mchirizi mwekundu kutoka chini mpaka juu. Nikamimina. Ukingo wake glasini ni wa kahawia, harufu ni ya tunda lililopikwa likasahauliwa motoni. Chupa ya mwaka juzi tu! Nikafungua ya pili mbele ya mpishi wetu, ikawa ileile.

Inaniuma zaidi kwa sababu mimi ni mtoto wa Dodoma. Zabibu nimezikuta nyumbani. Najua wakulima wa Hombolo na Mpunguzi wanavyozihangaikia, mavuno mara mbili kwa mwaka, ndege, ukame, na bei ya kusuasua. Waini yao inavuka nchi kavu, inavuka bahari, inafika Unguja nzima kabisa, halafu inakuja kuuawa na mtu mmoja mvivu wa kuvuta pazia dirishani. Mgeni akionja hiyo iliyoiva anasema waini ya Tanzania mbaya. Nimesikia kauli hiyo mezani kwangu zaidi ya mara moja, na kila mara nataka kumpeleka akaone dirisha la duka lile.

Vifaa vingine nitavipitia haraka, ingawa navyo vina madhambi yake. Pampu za kunyonya hewa kwenye chupa iliyofunguliwa: zenye vizibo vya mpira mzuri zinasaidia siku chache, chupa ikikaa ndani ya friji. Zinazouzwa hapa kwa bei ya kutupa, mpira wake haubani, kufikia asubuhi hewa imesharudi. Na muuzaji anayekwambia pampu hiyo inafaa kwa waini yenye mapovu anakudanganya, maana itanyonya yale mapovu yenyewe. Hiyo inataka kizibo cha kubana chenye makucha, na friji. Kijiko ambacho watu hukitumbukiza shingoni mwa chupa ili mapovu yasitoke nacho hakifanyi chochote.

Kuna mtambo wa Coravin unaochoma sindano kwenye kizibo, ukatoa waini na kujaza gesi ya agoni mahali pake, chupa isifunguliwe. Ni kifaa cha kweli, kimeanza kuuzwa 2013, na kwa baa inayouza waini ya bei kubwa kwa glasi ni mkombozi. Lakini hauendi bila vile vichupa vyake vya gesi, na hivyo abiria haruhusiwi kupanda navyo ndege kwa kuwa ni gesi iliyoshindiliwa. Sasa mtu unauza mtambo hapa kisiwani bila kuleta vichupa kwa meli, mnunuzi akimaliza vile viwili vya kwenye boksi afanye nini? Swali hilo nilimuuliza muuzaji, akanionesha kizibuo cha umeme badala ya kunijibu. Kizibuo cha umeme sikihitaji. Kile kidogo cha kukunja cha mhudumu, alichokisajili Mjerumani Karl Wienke mwaka 1882, kinafungua chupa zote, hakichajiwi na umeme ukikatika hakina habari.

Kwa wenye shida kama yangu, hiki ndicho tulichofanya. Tumechukua friji ya kawaida ya kompresa, mtumba, daraja T, tukafunga kidhibiti joto cha nje kinachokata umeme ikifika 13 na kuurudisha ikipanda. Fundi wa friji yeyote anaifanya kazi hiyo. Tumeweka na kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuwasha kompresa, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndipo kompresa zinapokufa. Chupa za kizibo cha koki (kile cha gome la mti) zinalala, za kifuniko cha kuzungusha zikae vyovyote. Mzigo tunauchukua usiku, ndani ya makasha ya foam ya samaki yenye barafu. Mwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe ana bahati, chumba cha chini chenye kuta nene za matumbawe na chokaa joto lake haliyumbi sana. Hakifiki 13, lakini kwa chupa za kunywa ndani ya wiki chache kinafaa kuliko friji yangu ya taa ya bluu. Fungeni tu lebo kwa plastiki, unyevu wa masika unazila.

Ninachotaka ni hiki. Daraja la friji liandikwe mbele, pembeni ya bei, kwa Kiswahili. Chupa ya ofa iandikwe kwa nini ni ya ofa na ilikaa wapi. Na duka lile linirudishie hela yangu. Zanzibar ina sheria ya 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, na tume yake, ZFCC, ipo. Mstari wa chini ya risiti hauwezi kuwa mkubwa kuliko sheria. Malalamiko yangu nimeshayaandika, nimeambatanisha picha za kipimajoto, kibandiko cha nyuma kabla na baada ya kubandua stika, na risiti.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mliosema niagize mtandaoni kutoka Dar, sawa, lakini ulizeni herufi ya daraja kabla ya kulipa, maana friji kama yangu nimeiona na huko.

Mdau wa Kendwa mwenye katoni yenye kofia zisizozunguka, usizimwage. Piga picha vizibo na mchirizi wake, hifadhi risiti, chupa mbili uziache bila kufunguliwa ziwe ushahidi. Niandikie, tupeleke pamoja.

Wenye friji ya taa ya bluu, bandueni stika ya bei, mweke hapa picha ya kinachosomeka chini yake.

Na wewe mwenye duka uliyenitumia ujumbe wa faragha kwamba nifute uzi kwanza halafu ndipo tuzungumze: hela kwanza.