Polisi wa akiba (NPR) kaskazini mwa Bonde la Ufa, Kenya: walipwe, au bunduki zirudi serikalini?

Wa Marigat: Ng'ombe wakiibwa saa tisa usiku, anayeamshwa wa kwanza si mkuu wa kituo cha polisi (OCS). Ni jirani yetu NPR, mfugaji kama sisi, bunduki ya serikali iko chini ya kitanda. Ndiye ajuaye nyayo zimeelekea korongo lipi. Sheria ya polisi ya 2011 inamwita mtu wa kujitolea. Kujitolea hadi lini? Mwaka 2019 serikali ilikusanya bunduki zao ikisema nyingine zinatumiwa vibaya. 2023, Operesheni Maliza Uhalifu, ya kupambana na wezi wa mifugo wenye silaha, ilipoanza kwenye kaunti sita, wakatafutwa tena. Mwandikeni kazi basi, alipwe kila mwezi.

Wa Nakuru: Pole ndugu, ila hilo la bunduki umelipitia haraka mno. Nimenunua mbuzi kwenye soko la huko miaka sita. NPR wa upande huu, upande wa pili wanamwita jangili, mwizi wa mifugo. Ukoo wake wakienda kuiba, atamfyatulia nani risasi? Leteni polisi kutoka nje.

Wa Maralal: Kutoka nje! Novemba 2012, Bonde la Suguta huku kwetu Samburu, polisi zaidi ya 40 waliuawa wakifuata ng'ombe walioibwa, wengine ndio kwanza wametoka chuoni. Nikiri pia kwamba watu wa akiba, wakati huo wakiitwa KPR, walikuwemo, na kuijua nchi hakukuwaokoa. Kwa hiyo siwaiti dawa. Lakini wa nje akichoka anaomba uhamisho. Wa hapa anahamia wapi? Majangili wanalijua boma lake, na njia wanayopita watoto wake kwenda shule.

Wa Marigat: La ukoo nakubali nusu, na ndilo linalonifanya niseme alipwe. Mtu asiye kwenye orodha ya mshahara utamsimamisha kazi vipi? Utamhamishia kituo gani? Mnachoweza ni kumnyang'anya bunduki tu, na kijiji kizima kinabaki uchi pamoja naye.

Halafu wa Nakuru, nikuambie hili. Kabla ya 2019 shemeji yangu, NPR, alipigwa risasi ya paja wakiwa doria, yeye na polisi wa kawaida aliyejeruhiwa mkono. Wa mkono alilipiwa na bima ya kazi. Bili ya paja tuliichangia sisi kwa M-Pesa.